Nahodha wa Mapipa

Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya meli. Meli ikija bandarini na jina lililobabuka kwa chumvi, wakala wake alimwita, naye alikwenda na makopo yake, brashi zake na jukwaa lake la kuelea: mapipa matupu yaliyofungwa pamoja kwa kamba, juu yake mbao, na juu ya mbao kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Watu wa bandarini walimwita Brashi. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo akiwa na furaha. Akiwa amekasirika alimwita Baba Pacha, na hapo mtu alijua kuna jambo.

Kusoma hakukuwa fani yake. Majina mengi yalikuwa ya lugha asizozijua, akayachora herufi moja moja kama mtu anayetarizi maua kwenye mto. Kuna mwaka aliruka herufi moja, na meli ile ikazunguka dunia ikiwa na jina ambalo, mabaharia waliolielewa walisema, halitamkiki mbele ya wakwe. Lakini mstari wake ulinyooka, rangi yake haikuchuruzika, na bei yake haikumtoa mtu jasho. Kwa hiyo aliitwa tena na tena.

Kaka wa mkewe ndiye aliyekuwa mtu mkubwa katika ukoo. Miaka michache kabla, serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia meli kumwaga uchafu katika maji ya pwani. Ilikuwa sheria nene. Aliyeiona mezani angeweza kudhani ni mto wa kulalia. Ilikataza mafuta machafu, ilikataza takataka, ilikataza hata maji ya vyooni. Ili isikae bure, kikaundwa Kitengo cha Kulinda Maji ya Pwani, kikapewa ghorofa nzima, makochi, viyoyozi, na boti ya doria yenye injini mbili. Boti hiyo ilikaa uani juu ya tela, imefunikwa turubai, kwa sababu mkuu wa Kitengo alisema maji ya bandari ni machafu mno, yangeiharibu.

Shemeji huyo alikuwa mkaguzi mkuu wa Kitengo. Alivaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akashinda dirishani na darubini. Si kwamba hakuona. Aliona meli zikitapika mchana kweupe. Lakini kila alipotaka kushtaki, mwenye meli alikuwa nchi moja, bendera ya meli ilikuwa ya nchi nyingine, nahodha alitoka nchi ya tatu, na wakala aliyekuwa hapo mjini alisema yeye kazi yake ni kupokea barua tu. Basi barua zikaandikwa, zikapokewa kwa adabu, na maisha yakaendelea. Tangu Kitengo kizaliwe hakikuwahi kumfikisha mtu mahakamani.

Ilipokaribia sherehe ya kuadhimisha sheria hiyo, mkubwa kutoka wizarani akapiga simu kusema kwamba atakuja mwenyewe, na angependa kusikia habari za kesi, hata kama ni moja. Mkuu wa Kitengo akaweka simu chini, akawatazama wakaguzi wake mmoja mmoja. Kwa shemeji akakawia.

Asubuhi iliyofuata Brashi alikuwa nyuma ya meli ya mafuta iliyotia nanga karibu na gati, akirudishia jina kwa rangi nyeupe. Pembeni ya kichwa chake palikuwa na tundu ubavuni mwa meli, na tundu hilo lilikuwa likimwaga maji meusi tangu alipofika. Alikwisha kuzoea, aliweka mgongo upande huo kama mtu anavyokwepa moshi jikoni. Ghafla pampu ikaongezwa kasi, maji yakamrukia begani, akashtuka, na kopo likamponyoka. Rangi nyeupe ikatandaa juu ya mafuta meusi kama maziwa juu ya lami.

Kule dirishani shemeji alishusha darubini, akaifuta, akaipandisha tena. Kwa miaka yote alikuwa ameona weusi juu ya weusi. Sasa palikuwa na kitu kinachoonekana. Akapiga picha. Kisha, kwa kuwa boti ilikuwa uani, akampigia wakala wa ile meli ya mafuta amwazime usafiri. Wakala, mtu muungwana, akamletea mashua ya meli hiyo hiyo.

"Shemeji, unakwenda wapi na viatu vyeupe?" Brashi akauliza mashua ilipofika.

"Usiniite shemeji. Niko kazini."

"Haya, mkubwa."

"Nani nahodha wa chombo hiki?"

Brashi akatazama juu, kwenye meli. "Simjui. Nasikia ni mgeni."

"Nasema chombo hicho ulichokalia."

"Hiki?" Brashi akatazama mbao chini yake, asije akawa amekalia kitu kingine bila kujua. "Shemeji, si hiki tulikifunga mimi na wewe uani kwa mama? Fundo lako la kule kona bado linalegea."

Baharia aliyeendesha mashua akacheka. Shemeji hakucheka. Akamgeukia karani aliyekuja naye. "Andika: nahodha amekiri kwamba chombo ni chake."

Mwisho wa wiki ukoo wote hula pamoja kwa mama mkwe, na wiki ile hakukosekana mtu. Walikula hadi sahani zikaanza kuonyesha maua yake. Ndipo mama mkwe akamgeukia mwanawe.

"Nasikia umemkamata mume wa dada yako."

"Nimemkamata nahodha wa chombo kilichochafua bahari, mama. Kuwa mume wa dada ni bahati mbaya tu."

"Na lile limeli linalotapika pale kila siku?"

"Lile lina utaratibu wake."

Mke wa Brashi akasukuma sahani yake. "Kaka," akasema, "sare hiyo nimekufulia mimi. Kuanzia kesho utafua mwenyewe, kwa utaratibu wake."

Mama mkwe alikuwa bado kwenye neno moja. Kwa miaka mingi, majirani walipomuuliza mkwe wake anafanya kazi gani, alijibu kwamba yuko mambo ya bandarini, kisha akabadilisha mazungumzo. "Umesema nahodha?"

"Ndivyo sheria inavyosema, mama."

Siku iliyofuata, dukani, mama mkwe aliwaambia watu bila kuulizwa kwamba mkwe wake, nahodha, ana kesi ya meli mahakamani, na kwamba mambo ya bahari ni mazito. Siku ya kesi alikuja na majirani wakajaza benchi la mbele.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo asiyeachana na mafua, na aliisoma ile sheria nene polepole, kurasa zote, kama mtu aliyeinunua kwa pesa yake. Kifungu cha tafsiri kilisema kwamba meli ni chombo chochote kinachoelea na kubeba mtu au kitu. Hapo hakuona pa kutokea.

"Jina la meli?" akauliza.

Karani wa Kitengo akasimama. "Haina, mheshimiwa."

"Meli haina jina, na mwenyewe kazi yake ni kuandika majina?"

Benchi la mbele likacheka. Hakimu akapenga kamasi, akamgeukia Brashi. "Bendera je?"

"Kuna kitambaa cha kufutia mikono, mheshimiwa."

"Unakubali kwamba ulimwaga rangi baharini?"

"Kopo liliniponyoka. Nami nilikuwa bado nalihitaji."

"Kwa nini lilikuponyoka?"

"Ile meli kubwa ilinitapikia."

Shemeji akainuka kusema kwamba ile meli kubwa haimo katika shauri hili. Hakimu akaomba picha, akaileta karibu na pua. "Hii nyeupe naiona. Na hii nyeusi kotekote ni nini?"

"Kivuli, mheshimiwa."

"Jua lilikuwa upande gani?"

Shemeji akatazama dari, kama jua lilikuwa huko. Hakimu hakumsukuma zaidi. "Mahakama inamhukumu aliyeletwa," akasema. "Na aliyeletwa ni wewe, nahodha."

Sheria ilitoa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa faini iliyopimwa kwa meli zenye ghorofa; Brashi asingeimaliza hata angeuza mapipa, kiti na nyumba. Ya pili ilikuwa kusafisha eneo lote linaloonekana katika kielelezo, yaani ile picha, mpaka mkaguzi aliyemkamata athibitishe kwamba limetakata, na mkaguzi huyo awemo chomboni muda wote wa usafishaji. Maneno haya ya mwisho hakimu aliyasoma mara mbili, na mara ya pili alikuwa akimtazama shemeji.

Basi wakaanza, mtu na shemeji yake, juu ya mapipa. Kiti kilikuwa kimoja, na Brashi alimwachia mgeni. Chombo kikainama upande wa mkaguzi. Walizoa mafuta kwa ndoo, wakayafyonza kwa vipande vya godoro kuukuu, wakamimina kwenye mapipa kule gatini, huku tundu la meli likiendelea na shughuli zake. Siku ya kwanza shemeji alishika mwavuli. Siku ya pili tundu lilimrukia kuanzia kola hadi viatu, akasimama, jukwaa likayumba, akapayuka, "Zimeni hiyo pampu!" Juu kabisa, baharia mmoja akachungulia, akadhani anasalimiwa, akapunga mkono.

Shemeji akampigia wakala.

"Mkaguzi, utaratibu unaujua," wakala akasema kwa upole. "Tuletee barua."

Aliujua. Aliuandika mwenyewe, akiwa kwenye kiyoyozi.

Sare zikaisha. Alianza kuja na fulana kuukuu, kisha akaacha mwavuli, kisha akachukua ndoo ya pili. Siku moja, wakipumzika, alinusa mkono wake, akauliza, "Umeishi na harufu hii miaka yote?"

"Harufu unaizoea. Shida ni chakula. Kila unachokula kina ladha ya mafuta ya taa."

Shemeji akafungua lile fundo la kona, akalifunga upya, akalivuta kwa mguu mpaka likakaza.

Wiki zilipokuwa nyingi na maji yamebaki vile vile, Brashi alimwambia, "Saini tu, shemeji. Tukapumzike."

"Nisaini kwamba hapa ni safi?"

"Kwani siku zote ulikuwa unasaini nini?"

Hakuwa na nia ya kumchoma. Aliuliza kwa sababu hakujua. Lakini walipofika gatini shemeji alikaa ukingoni hadi mlinzi alipomwomba aondoke.

Sherehe ikafika. Gati lilifungiwa mahema, viti vikavikwa mashuka, bendi ya tarumbeta ikapangwa kwenye kivuli. Mkuu wa Kitengo alihutubia akatangaza kwamba meli zote zilizowahi kushtakiwa chini ya sheria hii, bila kubakiza hata moja, zimetiwa hatiani. Watu wakapiga makofi. Mkubwa kutoka wizarani akaomba aonyeshwe mkosaji aliyerekebika, akapelekwa ukingoni, na pale chini, juu ya mapipa yaliyofungwa bendera za karatasi, palikuwa na Brashi katika shati lake la harusi. Mama mkwe alikuwa amepata kiti cha mbele. Hakuna aliyejua kakipata vipi.

"Nahodha," mkubwa akasema, "umejifunza nini?"

"Kushika kopo kwa mikono miwili, mheshimiwa."

Makofi tena. Na makofi yalikuwa hayajaisha pale ile meli ya mafuta, nyuma ya hema kuu, ilipofungulia pampu. Maji meusi yakamwagika mbele ya umati wote. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao. Kiongozi wa bendi, mtu mwenye uzoefu wa sherehe za serikali, akaamuru wimbo.

"Nini kile?" mkubwa akauliza wimbo ulipokwisha.

"Maji ya kupoozea injini, mheshimiwa," akajibu wakala. Alikuwa safu ya wageni mashuhuri, kwani mahema aliyagharamia yeye.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya mkuu wake, katika sare mpya, na mikono ameificha mgongoni. Akaileta mbele. Ilikuwa myeusi hadi vifundoni, na kila aliyekuwa karibu aliiona.

"Si maji ya kupoozea," akasema. Hakupaza sauti. "Ni mafuta machafu. Nimeyazoa hapo kila siku na yamenishinda. Huyu tuliyemshitaki aliangusha kopo, na aliliangusha kwa kurukiwa na hayo hayo. Mimi niliona, nikasema mahakamani kwamba ni kivuli."

Mkubwa akamtazama mkuu wa Kitengo, mkuu akatazama programu ya sherehe. "Itaundwa kamati," mkubwa akasema hatimaye, na watu wakashukuru kupata kitu cha kupigia makofi.

Shemeji hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja mahakamani akafungua mashtaka dhidi ya ile meli, kwa jina lake, herufi kwa herufi. Hakimu alitia saini amri ya kuizuia jioni ile ile, lakini meli ilikuwa imeng'oa nanga kabla viti havijakunjwa. Baada ya muda mfupi shemeji akapata uhamisho, kwenda kusimamia ghala la Kitengo huko bara, mahali ambapo maji ya karibu kabisa yalikuwa ya bomba. Amri ilisema ahamishwe "pamoja na vifaa vyake vya kazi", na makarani, watu waaminifu, wakaipakia na ile boti.

Brashi akabaki peke yake na adhabu isiyokuwa na wa kuisaini. Mkaguzi mpya hakutaka hata kulisogelea lile jukwaa. Brashi angeendelea kuzoa mpaka uzeeni kama mkewe asingemwita Baba Pacha asubuhi moja, akamshika mkono, akampeleka kwa hakimu. Hakimu aliwasikiliza, akafunga jalada, akaja nao hadi gatini, viatu mkononi.

"Katika uchafu wote huu," akauliza, "upi ni wako?"

Brashi akatafuta kwa macho, akaonyesha alama nyeupe iliyogandia ukutani mwa gati.

"Ikwangue hiyo."

Akaikwangua. Hakimu akasaini akiegemeza karatasi kwenye goti.

"Na hii nyeusi, mheshimiwa?" mkewe akauliza.

"Hiyo bado hawajaniletea."

Miezi ikapita. Siku moja wakala, yule yule muungwana, alimwita Brashi akaandike jina la meli iliyoingia. Ilikuwa ya mafuta, imepakwa kijivu kipya nyuma, tezini, na jina lake alipewa kwenye kipande cha karatasi. Brashi akapiga kasia hadi pale, akainua mkono ili aanze, na vidole vikagusa mabonge ya chuma chini ya rangi. Ni herufi za zamani, zile zinazochomelewa ili mpakaji azifuate. Akazipapasa moja baada ya moja. Kisha akatazama pembeni, akaona tundu.

Alikaa kwenye kiti chake kitambo kirefu. Wakala huyu ndiye aliyempa nusu ya kazi zake, na pacha walikuwa wanakua, wanakula kama moto. Angeandika jina, akaenda nyumbani, na hakuna binadamu ambaye angemlaumu. Tundu likakohoa, likaanza kutapika. Akamwambia baharia aliyekuwa juu kwamba rangi imemwishia, anakwenda kuongeza, akapiga kasia hadi gatini, akashika njia ya mahakamani.

Hakimu alikuwa anakula. "Una hakika?"

"Kusoma sijui sana, mheshimiwa. Lakini lile nimelipaka mara nyingi. Mkono unalijua."

Hakimu akafunika sahani yake. Akaja na polisi, akaketi kwenye kile kiti kisicho na miguu, hati ya mashtaka aliyofungua shemeji mapajani, na chini ya ubavu wa meli akapapasa herufi kwa vidole vyake, akizitaja moja moja huku akipiga chafya. Zilipokwisha zote, akaamuru meli isiondoke.

Wakala alisema yeye hupokea barua tu. Hakimu akampa barua, na hiyo ilikuwa na muhuri wa mahakama. Meli ikakaa bandarini mpaka ilipolipa na kunyonya uchafu wake wote kwenye malori ya matangi gatini. Kitengo kikatoa taarifa kwamba hayo ni matunda ya ufuatiliaji wake wa karibu, na picha ya mkuu akiwa na darubini. Meli nyingine nazo zikashika adabu, yaani zilikwenda kumwaga mbali kidogo. Mawakala hawakumwita Brashi kwa muda mrefu. Akawa anaandika vibao vya maduka, na wateja wengi walirudi kulalamika kuhusu herufi.

Shemeji alipiga simu kutoka bara mara tu habari zilipomfikia.

"Walizima pampu?"

"Walizima."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa chini yake na hakimu."

"Ikawaje?"

Brashi akafikiri. "Kimya. Nilisikia mabaharia wanaongea kule juu. Miaka yote hiyo sikujua kwamba huwa wanaongea."

Shemeji akauliza habari za mama, akauliza habari za pacha, akasema likizo atakuja. Mwisho akauliza kama kuna sabuni yoyote inayotoa ule weusi, maana yeye bado anao kwenye kucha.

"Sabuni hakuna," Brashi akamwambia. "Kata kucha, shemeji. Nyingine zinaota."